Muulize Fundi: Stelingi inatikisika nikifika 90, nianzie wapi?

Mwezi huu maswali yaliyojaa ni ya pikapu nzito kutetemeka mbele zikiwa barabara kuu, nimechagua manne. La kwanza nitakaa nalo sana mana ndo limebeba na ya wengine wengi.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Land Cruiser 79 pikapu ya injini ya 1HZ, nabebea mabomba na pampu za visima kati ya Dodoma na Morogoro. Ikiwa mjini haina shida kabisa. Nikishatoka Gairo nikaanza kukanyaga, kwenye 85 stelingi inaanza kucheza kushoto kulia, 95 ndo balaa, mikono inakufa ganzi na vioo vya pembeni havionyeshi kitu, nikilazimisha kupita 105 inapoa ila sipendi kwenda huko. Nimebalansi tairi gereji tofauti tofauti, alaimenti nimefanya, fundi mmoja akasema ni shokapu ya stelingi nikanunua mpya, ikatulia wiki chache ikarudi vilevile. Sasa huyu anasema nibadilishe tairodi endi zote nne, yule anasema stelingi boksi imekufa. Tairi zangu ni 7.50R16 za tyubu na rimu ni zile za kufungua kwa ringi. Hela inaniishia, nianzie wapi? (Dereva, Kibaigwa)

JIBU: Marhaba mdogo wangu, na pole kwa hela. Kabla ya yote usinunue tena kitu chochote, hata bushi ya elfu chache, mpaka gari yenyewe iseme inaumwa wapi. Na wewe tayari umenipa kitu kikubwa, umenitajia spidi. Inaanza 85, inakolea 95, inapoa 105. Mtikisiko unaokuja kwenye spidi yake na kuondoka kwenye spidi yake mara nyingi sana chanzo chake ni kitu kinachozunguka, yaani tairi, rimu, habu (kile kitovu tairi linapofungwa), diski ya breki, au propela ya mbele (ile shafti ndefu inayounganisha na difu ya mbele). Tairodi iliyolika, ile fimbo inayounganisha tairi mbili za mbele, inakupa plei, yaani ulegevu, muda wote, hata ukipita matuta ya hapo Kibaigwa utaisikia inagonga, na stelingi boksi iliyochoka inafanya gari itangetange barabarani unakuwa unarekebisha usukani kila saa. Hivyo vitu vinaweza kuufanya mtikisiko uwe mkubwa zaidi, hilo ni kweli, lakini kuuanzisha kwenye spidi moja maalum, hapana, hapo lazima kuna kitu kinachozunguka vibaya.

Twende na hesabu kidogo usinichoke. Tairi ya 7.50R16 ina kipenyo cha kama sentimita 80, kwa hiyo ikizunguka mara moja inakula mita mbili na nusu hivi za lami. Kwenye 100 gari inakimbia karibu mita 28 kwa sekunde. Gawanya, unapata tairi inazunguka mara 11 kila sekunde. Kama upande mmoja wa tairi umezidi uzito au tairi halijakaa duara, basi ekseli ya mbele inasukumwa mara 11 kila sekunde, na ekseli hiyo pamoja na springi na bushi zake ina mwendo wake wenyewe wa kuyumba, sasa misukumo ikiangukia sawasawa na huo mwendo mtikisiko unajijenga wenyewe, ni kama unavyosukuma bembea, ukiisukuma kwa wakati wake inapanda hata kwa kidole, ukiwahi au ukichelewa haipandi. Ndo mana ukipita 105 inapoa. Kosa bado lipo palepale, ila misukumo imeshawahi kuliko mwendo wa ekseli.

Na hapo ndo utaelewa habari ya shokapu ya stelingi. Ile kazi yake ni kumeza mishtuko isifike mikononi kwako. Ukifunga mpya inameza, unashukuru, unalipa, halafu kosa linaendelea kukua kimyakimya mpaka linaizidi nguvu. Mimi nasema hivi na nitaendelea kusema: gari ikitikisika stelingi, shokapu ya stelingi iwe kitu cha mwisho kununua, isiwe cha kwanza. Kuna mafundi wanaifunga kwa nia njema kabisa mana mteja anaondoka anacheka, lakini huyo mteja anaondoka na ugonjwa wake umefunikwa, na unaendelea kula bearingi na tairodi huko chini.

Sasa utaniambia lakini tairi si nimebalansi. Umebalansi kwenye mashine gani? Angalia rimu yako katikati, ina tundu kubwa la kama sentimita 11 na nati tano. Mashine nyingi za balansi mtaani zimenunuliwa kwa ajili ya gari ndogo, koni zake ni ndogo, fundi akiweka rimu ya 79 koni inazama inashika pembeni tu, rimu inakaa imeegemea upande, mashine nayo inapima huo uegemeo inakuletea namba, fundi anapachika risasi (vile vipande vidogo vya uzito) pale mashine inapoonyesha, sifuri inatokea, mnashikana mikono. Ukifunga kwenye gari tairi linakaa katikati ya habu sasa, sio pale lilipokaa kwenye mashine, na zile risasi zote zinageuka kuwa kosa jipya. Mashine inatakiwa iwe na koni kubwa ya magari mazito, au lile sahani lenye pini linaloshika matundu ya nati.

Namna ya kumkamata ni rahisi. Fundi akishapata sifuri mwambie kwa upole, ndugu yangu naomba ulegeze tairi, uligeuze nusu duara kwenye mashine, ukaze tena, uzungushe bila kuongeza kitu. Kama tairi limekaa katikati sawasawa mashine itasoma tena sifuri au karibu na sifuri. Ikikuletea gramu arobaini, hamsini, basi ujue mashine ilikuwa inabalansi ukaaji wa rimu na sio tairi. Usigombane naye, chukua tairi zako uende sehemu wanapohudumia malori madogo.

Kabla hujaenda huko osha rimu kwa ndani. Wewe unazunguka kwenye visima, nina uhakika kuna tope limeganda upande wa ndani wa rimu, likikauka linakuwa gumu kama sementi na uzito wake unashinda risasi zote zilizopachikwa. Kwangua mpaka uone chuma. Toa na risasi za zamani zote, mana kuna mafundi wanaongeza juu ya zilizopo. Halafu hizi tairi za tyubu zina mambo yake, tyubu ikikunjika ndani au ikiwa na viraka vikubwa upande mmoja inaleta uzito, na kila ukiziba pancha fundi analirudisha tairi popote, sio pale lilipokuwa, kwa hiyo balansi uliyolipia inakufa siku hiyohiyo ya pancha. Weka alama ya chaki kwenye tairi usawa wa valvu ya upepo kabla hawajafungua, wakirudisha warudishe kwenye alama.

Na hapa naomba nisimame kidogo hata kama sio swali lako. Rimu ya ringi inaua. Ringi isiyokaa vizuri ikiwa na upepo ndani inaruka na nguvu ya kuvunja shingo ya mtu. Upepo utolewe wote kabla ya kufungua, ringi yenye kutu au iliyopinda itupwe, wakati wa kujaza tairi liwe ndani ya kizimba, kama hakuna kizimba angalau lilazwe ringi ikiangalia chini na lifungwe mnyororo, na mtu asisimame usawa wake. Mtu akiwa anagonga ringi kwa nyundo huku kompresa inajaza, ondoka hapo na mchukue na kijana wake.

Haya turudi. Majaribio mawili ya bure, unafanya mwenyewe.

La kwanza, habu. Shuka uangalie habu zako za mbele ziko LOCK au FREE. Madereva wengi wa pikapu hizi wanafunga LOCK wakati wa mvua wanasahau hadi kiangazi kinaisha. Zikiwa LOCK, hata kama hujaweka four wheel, tairi za mbele zinazungusha shafti zake, difu ya mbele na propela ya mbele, vyote vinazunguka bure. Weka FREE zote mbili, nenda kipande cha barabara ileile spidi ileile. Mtikisiko ukiisha, tairi zako hazina kosa, kosa liko kwenye propela ya mbele, ama krosi (kile kiungo cha msalaba cha propela) imekufa ama mtu aliichomoa akairudisha bila kufuata alama, ile sehemu inayoingia na kutoka ikikosewa hata jino moja propela inazunguka vibaya. Jaribio hili halitaki hata spana na bado nimeona watu wanafungua stelingi nzima kabla ya kulifanya.

La pili, kama FREE haijabadilisha kitu, hamisha tairi za mbele ziende nyuma na za nyuma zije mbele. Zote mbili za kila upande, upepo uwe sawa na ile stika ya mlangoni, pima tairi zikiwa baridi. Rudi barabarani ukiwa mtupu, chagua muda barabara imetulia. Kama stelingi imetulia na sasa unasikia kiti na sakafu ndo vinatetemeka, basi umempata mwizi, ni moja ya zile tairi mbili zilizokwenda nyuma. Zirudishe moja moja mbele ujue ni ipi. Kama stelingi inatikisika vilevile kana kwamba hujafanya kitu, tairi zina uwezekano mkubwa hazina kosa na sasa ndo tunaingia chini ya gari.

Ngoja, bado kitu kwenye tairi. Tairi linaweza kusoma sifuri kwenye mashine na bado likatikisa, mana mashine ya kawaida inalizungusha likiwa hewani halina mzigo. Waya za ndani zikiachana, tairi linakuwa na sehemu laini na sehemu ngumu, na hilo linaonekana likibeba gari tu. Nyanyua mbele kwa jeki, weka stendi, simamisha kijiti juu ya tofali kikaribie kugusa kashata za tairi, zungusha polepole kwa mkono. Nafasi kati ya kijiti na tairi ikifunguka na kujifunga kwa zaidi ya milimita mbili hivi, basi tazama kama ni rimu imepinda au ni tairi limevimba. Pitisha na kiganja juu ya kashata, uvimbe mdogo mkono unausikia kabla ya jicho. Soma na tarehe ubavuni, zile namba nne za mwisho, kwa mfano 3217 ni wiki ya 32 ya mwaka 2017. Tairi likiwa limekaa miaka mingi dukani juani ni la zamani hata kama halijawahi kugusa lami.

Sasa chini. Gari ikiwa juu ya stendi, tairi za nyuma zimewekewa mawe, shika tairi la mbele mkono mmoja juu mmoja chini, vuta sukuma. Ikigonga kuna plei, ila plei ya nini? Hapa muite kijana akanyage breki ashikilie, wewe vuta tena. Plei ikipotea, ni bearingi za habu zimelegea, breki imeshika diski na habu kuwa kitu kimoja na spindo. Plei ikibaki, ni bearingi za kingpini, zile mbili za juu na chini kwenye nako, ile sehemu inayogeuka pamoja na tairi. Shika tena kushoto na kulia, ikicheza hapo huku tairi la upande wa pili halifuati, angalia tairodi.

Bearingi za habu kulegea ni jambo la kawaida mno kwenye 79 na mara nyingi haitaki spea, inataka kukazwa vizuri tu. Zina nati mbili na washa ya kukunja katikati, spana yake ni soketi ya milimita 54, haiuzwi ghali, kama gari ndo kazi yako inunue uiweke garini. Usikubali mtu akaze hizo nati kwa tindo na nyundo. Ukiona nati imejaa makovu pembeni ujue ndo ilivyokuwa inakazwa miaka yote, na kwa tindo huwezi kujua umekaza kiasi gani, ikibana sana bearingi inaungua, ikilegea ndo huku tuliko.

Kingpini ni kazi kubwa kidogo lakini hapo ndo pikapu zilizofanya kazi nyingi zinapoficha ugonjwa. Zile bearingi zinatakiwa ziwe zimebanwa kiasi, ili nako iwe nzito kidogo kugeuka. Ubanaji ukiisha, nako inageuka kirahisi mno na chochote kidogo kwenye tairi kinaipeleka kushoto kulia. Fundi anayejua anachomoa tairodi, anafunga mzani wa kuvutia kwenye mkono wa nako, ule unaofanana na wa wauza samaki, anavuta anasoma kilo, analinganisha na kitabu. Kubana kunafanywa na shimu (vile vipande vyembamba vya chuma) zilizo chini ya vifuniko vya juu na chini, na hizo shimu za juu zibaki za juu, za chini zibaki za chini, zikichanganywa ekseli ya ndani inakaa nje ya katikati inakula sili. Ukiona uji mweusi unatoka kwenye ile mpira wa nako, grisi imechanganyika na oili ya difu, hiyo sili imeshakufa tayari, fanya vyote kwa mkupuo mmoja.

Mwisho gari ishuke ikae kwenye tairi zake, injini inawaka, kijana ageuze stelingi kidogo kidogo kushoto kulia bila kuacha, wewe ukiwa chini unatazama kwa tochi. Tazama panadi rodi, ile fimbo inayotoka kwenye chesisi kwenda kwenye ekseli. Ekseli haitakiwi kwenda pembeni. Ukiona fimbo inahama kwenye bushi yake kabla ekseli haijafuata, bushi imeisha. Tazama tairodi endi na dragi linki (ile fimbo inayotoka stelingi boksi kwenda kwenye nako) hivyohivyo, weka kidole kwenye kiungo, plei utaisikia. Hizo zinazocheza badilisha, zisizocheza ziache, nne zote za nini? Na boksi kama haina plei iache, na mtu asiguse ile skrubu ya juu kuikaza ovyo, ikikazwa kupita kiasi stelingi hairudi yenyewe ukitoka kwenye kona na meno ya ndani yanaliwa.

Alaimenti haiponyi mtikisiko. Ikiwa mbaya inakula tairi vibaya, na tairi lililoliwa vibaya ndo linatikisa, kwa hiyo ukirekebisha alaimenti ukabaki na tairi lilelile lenye mabonde, bado utatikisika.

Kwa maelezo yako mimi dau langu liko kwenye ukaaji wa rimu kwenye mashine ya balansi pamoja na bearingi za habu au kingpini kulegea, vyote kwa pamoja, kimoja kinaanzisha kingine kinakuza. Anza na habu FREE kesho asubuhi.

SWALI: Habari fundi. Mimi niko Nanyuki, nina Cruiser pickup napeleka bidhaa Isiolo na kurudi. Ikiwa kwa barabara inakimbia poa hata 100, lakini nikishuka kutoka Timau nikikanyaga breki stelingi inapiga mikono vibaya sana na pedali inasukuma mguu. Mekanika amesema ni wheel balance. Ni ukweli? (Mama mfanyabiashara, Nanyuki)

JIBU: Hapana mama, sio balansi. Balansi haingoji breki. Mtikisiko unaokuja ukikanyaga na kuondoka ukiachilia ni wa diski za mbele, na ile pedali kukusukuma mguu ndo ushahidi wenyewe. Barabara ya Timau kuelekea Isiolo unajua ilivyo, ni mteremko mrefu ambao haukupi pumziko, ukishuka na mzigo ukiwa gia ya juu unashikilia breki njia nzima diski inapata moto, na diski iliyopata moto mwingi inapoteza usawa, ama unene wake unatofautiana mahali na mahali ama pedi inaacha ngozi yake juu ya chuma. Tofauti ndogo sana ya unene, ambayo jicho haliwezi kuiona, mkono kwenye stelingi unaisikia.

Mwambie mekanika apime unene wa diski kwa maikromita sehemu kadhaa kuizunguka, alinganishe na kile kipimo cha chini kilichoandikwa kwenye diski yenyewe. Kama bado nene inachongwa, kama imefika chini inatupwa, zote mbili kulia na kushoto. Kwa gari hii diski imefungwa nyuma ya habu, kwa hiyo habu lazima itoke, na hapo kuna mambo mawili yasirukwe: kutu na uchafu kati ya diski na habu visafishwe mpaka chuma kiwe safi, mana diski mpya ikikaa juu ya uchafu inaanza imepinda siku ya kwanza, na bearingi zikikazwa zikazwe kama nilivyosema kwa ndugu wa Kibaigwa hapo juu. Aangalie na pistoni za kalipa, moja ikiganda pedi inabaki imeshika na diski mpya itaungua kama ya zamani. Nati za tairi zikazwe kwa msalaba kwa mkono, zile bunduki za upepo zinakaza moja kupita nyingine.

Na wewe mwenyewe mama, ukianza mteremko ingiza gia ya tatu au hata ya pili kulingana na mzigo, uache injini ishikilie gari, breki ukanyage kwa nguvu kidogo uachilie, ukanyage uachilie, usiegemeze mguu. Ukifika chini breki zikiwa za moto usisimame umekanyaga pedali kwa nguvu mahali pamoja, ile pedi inaacha alama palepale iliposhika. Diski mpya bila kubadilisha ushukaji zitarudi hivihivi kabla ya mwaka.

SWALI: Fundi, ya kwangu stelingi imetulia kabisa, ila sakafu na kiti vinavuma na kutetemeka nikikanyaga mafuta kwenye 80 hadi 90 nikiwa na mzigo, nikiachia mafuta inapungua. Tairi mpya zote. (Mbeya)

JIBU: Ndugu, hiyo ni propela ya nyuma. Inazunguka karibu mara nne ya tairi kwa hiyo unaisikia kama mvumo kuliko mtikisiko. Ingia chini gari ikiwa imezimwa na imewekewa mawe, shika propela uzungushe huku na huku, krosi ikiwa na plei au kutu nyekundu kwenye vikombe vyake badilisha. Kama una bearingi ya katikati angalia mpira wake. Tazama na alama za propela kama zinaoneana, na kama kuna risasi iliyong'oka, sehemu ilipokuwa inabaki na doa la kuchomelea. Kama umeongeza majani ya springi nyuma hivi karibuni hapo ndo pameharibika pembe ya propela, iambie gereji iliyoongeza iirekebishe kwa kabari.

SWALI: Salaam aleikum fundi, mimi niko Houston, Texas, nina F-250 ya 2012 four wheel, navuta trela. Nimeinyanyua inchi kadhaa na kuweka tairi kubwa. Sasa nikiwa highway kama maili 60 hivi kila kitu sawa, lakini nikipita kiungo cha daraja mbele kunaanza kupigapiga kushoto kulia kama gari inataka kuvunjika, haikomi mpaka nipunguze kabisa. Wananiuzia dampa mbili za stelingi. Niweke? (Msomaji, Houston)

JIBU: Waaleikum salaam. Usiweke hizo dampa, ndo zilezile shokapu za stelingi, na usivute trela na hilo gari mpaka liwe limepona. Hii ni tofauti na ya Kibaigwa hata kama inafanana kwa mbali. Ile ya Kibaigwa inakuja na spidi, hii yako inahitaji kushtuliwa, ikishashtuliwa inajilisha yenyewe, tairi la kulia linasukuma ekseli, ekseli inasukuma la kushoto, linarudisha, na haiachi mpaka spidi ishuke. Inatokea kwenye magari yenye ekseli nzima mbele, na pikapu yako four wheel ndivyo ilivyo, ekseli nzima juu ya koili, na fimbo ya panadi, ambayo huko mnaiita trakibari, ndo inaishikilia isiende pembeni.

Ikikutokea barabarani shika usukani imara bila kupambana nao, ondoa mguu kwenye mafuta, usikanyage breki kwa kushtuka, washa hazadi, iache ishuke yenyewe mpaka itulie, toka pembeni. Nyuma yako kuna malori.

Sasa kwa nini imeanza baada ya kuinyanyua. Ukiinyanyua bila kurekebisha, ekseli inazunguka kidogo kuelekea mbele na kesta inapungua, kesta ndo inayofanya tairi zitake kurudi kunyooka zenyewe. Trakibari nayo inasimama pembe kali, na ikiwa hailingani tena na pembe ya dragi linki kila bonde linageuza stelingi bila wewe kutaka. Halafu tairi kubwa ni zito, linapiga kwa nguvu zaidi ya ile bushi zilizotengenezewa.

Anza na boliti za trakibari. Fanya lile jaribio la mtu kugeuza stelingi injini ikiwaka gari ikiwa chini, wewe ukaangalia pande zote mbili za fimbo, na usiangalie bushi peke yake, angalia boliti ndani ya tundu lake. Boliti iliyokuwa imelegea inatanua tundu la breketi linakuwa yai, na hapo utakaza mpaka uchoke, itatulia wiki moja itarudi, breketi inatakiwa kubadilishwa au kuchomelewa sahani mpya na fundi wa kuchomelea anayejua kazi. Ukifunga bushi mpya za mpira kaza boliti zake za mwisho gari ikiwa imekaa kwenye tairi zake na uzito wake wote, ukizikaza ikiwa juu ya jeki bushi inakaa imejikunja na inachanika mapema. Ukaze kwa spana ya kipimo kwa namba ya kitabu cha hilo gari, mkono peke yake hapa hautoshi, na urudie kuzipima baada ya safari za kwanza chache.

Baada ya hapo boli jointi za nako, gari hiyo haina kingpini kama Cruiser, halafu tairodi, bearingi za habu, halafu alaimenti wakupimie kesta wakupe na karatasi yenye namba, wasikwambie iko sawa kwa mdomo. Kesta ikiwa imeshuka kuna bushi maalum na breketi za kuirudisha. Tairi zibalansi mwisho, na upepo uangalie, tairi kubwa zikijazwa upepo mwingi zinadunda zaidi kwenye viungo vya daraja. Ukimaliza yote hayo ikapita daraja lilelile ikiwa imetulia na dampa yako ya zamani, hapo kama ile dampa inavuja mafuta funga mpya moja inatosha.